Kutengeneza meza ya mbao ya bustanini isiyooza mapema

Meza ya nje kinachoiua ni maji, na mara nyingi inaanza kufa miguuni. Ya kwanza niliyotengeneza mbao za juu nilizibananisha kabisa na gundi nikapiga, ilipendeza kweli, mvua zilipoanza mbao zikavimba zikakosa pa kwenda, katikati ikatuna, na miguu ambayo sikuipaka kitu kwa chini ikalainika mpaka ukucha unazama. Iliniuma sana. Sasa hivi kabla sijakata chochote najiuliza maji yatapita wapi.

Mbao ukipata msaji au mvule safi, zinavumilia nje zenyewe. Ukikosa chukua paini iliyotiwa dawa, ila ukiikata vaa barakoa na vile vipande vinavyobaki usichome wala usipikie, moshi wake una sumu. Iwe kavu, mbao mbichi itapinda ukishamaliza kazi yote.

Vipimo vyangu: juu mbao 5 za urefu wa sm 150, upana sm 14, unene sm 2.5. Fremu mbao za inchi 2 kwa 4, mbili za sm 120 na nne za sm 50, hizi fupi mbili zinakaa mwisho huku na huku na mbili katikati. Miguu minne ya inchi 3 kwa 3, sm 72.5 kila mmoja, ukiweka na mbao za juu unapata kimo cha sm 75, mtu anakaa vizuri na kiti cha kawaida.

Anza na fremu, fupi zikae katikati ya zile ndefu, toboa tundu jembamba kwanza kwa drili ndo uingize skrubu mana mwisho wa ubao unapasuka kirahisi sana. Kabla hujakaza moja kwa moja pima kona kwa kona, mshazari huu na ule vikitofautiana fremu imeenda upande, isukume taratibu mpaka vilingane. Alafu miguu iingie ndani ya kona, kila mguu bolti mbili zenye washa na nati kupitia ule ubao mrefu, na skrubu ndefu moja kutokea ubao mfupi. Misumari hapa hapana, meza inavutwa na kusukumwa, misumari italegea tu.

Skrubu na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usibane matumizi hapa, chuma cha kawaida kikilowa kinaacha michirizi myeusi kwenye mbao na haitoki kwa kusugua.

Mbao za juu sasa, acha nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao, pachika msumari mnene wa unene huo katikati uwe kipimo chako kisha uuchomoe. Kila ubao unapokutana na fremu skrubu mbili, na kichwa kilale sawa na ubao, kikizama sana panabaki kashimo kanakoshika maji kila mvua ikinyesha. Piga msasa namba 80, alafu 120, ukifuata mishipa ya mbao usikate kati, na zile ncha kali za pembeni uzipunguze kidogo, rangi au mafuta hayashiki kwenye ncha.

Kupaka mi napenda mafuta ya kitani kuliko vanishi. Vanishi jua likiichoma inabanduka magamba na inabidi uparue yote, mafuta ukiona mbao imepauka unasafisha unapaka tena, basi. Paka pande zote hata chini ambako hakuna anayeona. Miguu isimamishe kwenye vikopo vyenye mafuta kidogo uiache inywe, pale msumeno ulipokata ndipo mbao inapofyonza maji kama mrija, ikishashiba mafuta maji hayana nafasi. Na vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kona, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto, vitandaze nje vikauke kabisa.

Ukiiweka bustanini usiisimamishe kwenye udongo wala majani, weka jiwe bapa chini ya kila mguu.