Somo: Mtoto hataki mboga na uzito unapanda, tuanzie wapi

Wazazi wenzangu hili suala linaniuma sana, watoto wetu wa mjini asubuhi chai ya sukari na maandazi, shuleni chipsi na soda, usiku mlima wa ugali halafu mchicha kijiko kimoja, nao unasukumwa pembeni ya sahani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 limesema mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate walau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa 6 mpaka 9 gramu 350, kuanzia 10 ni 400 sawa na mtu mzima.

Muelewe kwanza kwamba mboga haiyeyushi mafuta mwilini. Ina maji mengi na nyuzinyuzi, tumbo linajaa kwa kalori chache, kwa hiyo inasaidia pale inapochukua nafasi ya kitu kingine. Ukiweka mchicha juu ya wali uleule na soda ileile, uzito hauoni tofauti.

Hatua ya 1: Punguza ugali au wali ndo uongeze mboga, usiongeze tu.

Hatua ya 2: Mpe mboga akiwa na njaa. Wewe unasonga ugali, yeye weka tango na karoti hapo mezani uone kama hazitaisha. Chini ya miaka 4 karoti ichemshwe ilainike, asije akapaliwa.

Hatua ya 3: Mapishi, hapa ndo wengi tunaharibu. Mchicha osha kabla ya kukata, usiuchemshe ukamwaga maji maana vitamini nyingi zinaondoka nayo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, dakika chache tu epua ungali kijani. Mafuta kidogo lazima yawepo ili mwili upate vitamini A ya kwenye majani, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sasa mboga ikielea kwenye mafuta umefanya nini?

Hatua ya 4: Akikataa usimlazimishe, na usiseme "maliza mboga nikupe soda", hapo unamfundisha kwamba soda ndo zawadi na mboga ni adhabu. Mrudishie siku nyingine kidogo tu, watoto wengi wanaizoea baada ya kuionja mara 8 mpaka 10, wengine hata 15, na wewe mwenyewe ule mbele yake.

MASWALI

Mama mapacha: Nikisaga karoti na boga kwenye maharage ni sawa?
Jibu: Sawa kabisa dada, ila aione na nzima sahani ya pembeni, la sivyo hatoizoea.

Baba wa darasa la tatu: Wangu kanenepa, nimkatishe chakula cha usiku?
Jibu: Hapana kaka, huyo bado anakua. Toa soda na juisi za paketi, jioni acheze nje, na umpeleke kituo cha afya wampime uzito na urefu walinganishe na umri wake, macho yanadanganya.

Mama kichanga: Wa kwangu ana mwaka, uzito haupandi, nimuongezee mboga?
Jibu: Usimjaze mboga mama, tumbo lake dogo. Mboga kidogo, halafu yai, dagaa, maharage, parachichi, uji wenye karanga za kusaga, na kesho uende na kadi kliniki wamuangalie.