Unaanza rangi za maji? Hela yako ianzie kwenye karatasi

Kila anayeanza rangi za maji ananiuliza anunue rangi gani, na mimi jibu langu ni lile lile, anza na karatasi, rangi baadae. Angalia wachoraji wenzetu wa Tingatinga, tangu mzee Edward Tingatinga alivyoanza pale Dar mwaka 1968 wamezoea rangi za kupakia baiskeli, zamani juu ya hadibodi, rangi nzito inayofunika, ukikosea unapaka juu yake unaendelea. Rangi ya maji haifuniki kitu. Mwanga unapenya rangi, unagonga karatasi, unakurudia machoni, yaani weupe wote wa picha yako ni karatasi yenyewe.

Mi nilianza na manila, zile za kuchorea chati shuleni. Ukipitisha brashi mara ya kwanza unaona fresh tu, mara ya pili uso unaanza kuchubuka unatoa vinyuzi kama sweta iliyochakaa, rangi inanywewa pale pale ilipotua, ikikauka karatasi nzima imejikunja kama ng'onda juani. Mwaka mzima nilidhani mkono wangu ndo haujui, kumbe manila.

Kwahiyo tafuta iliyoandikwa gsm 300, yaani uzito wa gramu 300 kwa kila mita ya mraba. Ya 200 inafaa mazoezi tu, tena uibane pande zote nne kwa maskingi tepu. Halafu soma jalada uone pamba ni asilimia ngapi, maana hao hao Fabriano wa Italia wanatoa ya pamba 100 na ya pamba 25, na tofauti utaiona siku unapaka anga, ya pamba inabaki na unyevu muda mrefu na rangi zinaingiliana taratibu bila kuacha mistari. Najua ni ghali. Nunua shiti moja kubwa ya sm 56 kwa 76, ikate vipande nane, hapo kila kipande ni sm 28 kwa 19, kinatosha kabisa. Kama kazi yako ni michoro ya vitabu vya watoto na utaiskani, chukua ile laini, hoti presi, kwasababu ile yenye mikwaruzo skana inaipiga vivuli vidogo vidogo na kuvisafisha kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha.

Rangi sasa. Usikimbilie boksi la rangi 48, chukua tyubu sita, njano mbili, nyekundu mbili, bluu mbili, katika kila jozi moja yenye joto, yaani inayoegemea nyekundu au machungwa, na moja ya baridi, inayoegemea bluu au kijani. Geuza tyubu usome kodi ya pigimenti, yaani herufi na namba za ule unga unaotoa rangi, mfano PB29 ni bluu ya ultramarini, ukiona kodi moja tu hiyo ni rangi safi, ukiona tatu ujue imeshachanganywa na ukiichanganya tena inageuka tope. PR83, ile nyekundu ya alizarini, mi siigusi kwa kazi ya kuuza, inapauka ukutani. Na tyubu ikikukaukia USITUPE jamani, rangi hii imeshikwa na gundi ya migunga, ile ile inayovunwa Sudan na kaskazini mwa Kenya, na gundi hiyo inayeyuka tena kwa maji, chana tyubu kwa wembe, toa kile kidonge, kidondoshee maji, endelea kupaka.

Brashi moja ya duara namba 8 ya sintetiki inakutosha kuanzia. Ikiwa mpya huwa imegandishwa gundi kulinda ncha, hivyo muombe muuzaji maji kidogo, ilowanishe mpaka ilainike, ikung'ute mara moja, nywele zikirudi zikachongoka kama sindano chukua, zikitawanyika mrudishie.

Kwa wanaochora mistari kwanza, wino uwe wa pigimenti usioyeyuka, kama Pigma Micron. Hata hivyo jaribu kwanza pembeni ya karatasi ile ile utakayotumia, piga mstari, subiri dakika tano, pitisha maji. Mi niliwahi kuharibu picha nzima nzuri ya daladala, oda ya mtu, kwa kalamu niliyoiamini bila kuijaribu, mistari yote ikageuka zambarau mbele ya macho yangu.

Paleti usinunue, sahani nyeupe ya udongo isiyo na maua inatosha, na weka makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi, lingine lisiguswe na brashi chafu.