Kabla ya Kuondoka Nairobi: Maandalizi ya Safari ya Gari na Hema Kupitia Uganda, Rwanda na Tanzania

Mzunguko wa kawaida ni huu: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, Kampala, Kabale, Kigali, kisha Rusumo, Kahama, Nzega, Singida, Arusha, na kurudi nyumbani kwa Namanga. Ni kama kilomita 2,500 kabla hujakata kona kuingia mbuga yoyote. Kwa wiki tatu unazungukika bila kukimbizana na jua. Ukiwa na siku kumi tu, acha Tanzania au acha Rwanda, usijidanganye. Wengi wanaojiandaa huanzia dukani, kwenye mahema na taa za kichwa, vitu ambavyo hupatikana kwa siku moja. Kinachokwamisha watu njiani ni karatasi na uzito wa gari, na hayo mawili yanataka wiki kadhaa.

Karatasi ya kwanza kuitafuta ni cheti cha homa ya manjano, maana haina njia ya mkato: chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hivyo mwenye cha zamani kilichoandikwa miaka kumi hana haja ya sindano nyingine. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini kwa Tanzania abebe pasipoti. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi yake, abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya mzazi asiyekuwepo, yenye muhuri wa wakili. Kama kuna mgeni kutoka ng'ambo kwenye gari, mkumbushe kwamba visa ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ni ya Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Akishavuka Rusumo kuingia Tanzania imekufa, na akifika Namanga atahitaji ruhusa mpya ya kuingia Kenya. Aiombe mtandaoni mapema, asingoje awe amesimama dirishani.

Kwa gari, beba logbuku na nakala tatu. Likiwa si lako, au liko kwa jina la kampuni au la benki iliyokukopesha, tafuta barua ya mwenyewe inayotaja nambari ya gari, nambari ya chesisi, jina la dereva, nchi zote utakazopita na tarehe. Barua ya "namruhusu atumie gari langu" bila nchi wala tarehe hurudishwa. Benki huchukua siku nyingi kuandika barua ya namna hii, kwa hiyo iombe mwezi mmoja kabla.

Bima nayo ina mtego wake. Kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo kampuni yako ya bima hukuandikia hapa Nairobi, hulipia hasara ya mtu wa tatu na matibabu ya dereva na abiria, si uharibifu wa gari lako. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huu wa kadi. Angalia orodha ya nchi iliyochapishwa juu yake: nchi iliyokatwa kwa kalamu haimo, na karani aliyezoea wasafiri wa Kampala anaweza kukata Rwanda na Tanzania bila kukuuliza. Kama una bima kamili, omba kwa maandishi iongezewe nchi hizo tatu. Bila hivyo, ukigonga ng'ombe Singida utatengeneza gari kwa mfuko wako. Kadi hii na cheti cha homa ya manjano zote ni za rangi moja, basi zikae mifuko tofauti.

Mipaka ya Malaba, Gatuna (kati ya Kabale na Kigali), Rusumo na Namanga ni vituo vya pamoja. Unapita upande wa nchi unayotoka bila kusimama na kumalizia kutoka na kuingia katika jengo moja upande wa pili. Mpangilio ni afya, uhamiaji, kisha forodha. Forodha ndiko unapopewa kibali cha muda cha gari, na hapo usiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe ya mwisho. Ukipewa siku 14 na wewe una mpango wa siku 18, ni rahisi kurekebisha papo hapo kuliko mbele ya askari kando ya barabara. Vilevile, unapotoka nchi hakikisha kibali kimefungwa kwenye mfumo. Kisipofungwa, kwenye kompyuta gari lako bado limo nchini, na utakumbushwa siku ukirudi. Fika mpakani asubuhi. Wenye malori hupanga foleni kilomita kadhaa, lakini gari dogo huruhusiwa kuwapita.

Ratiba ipangwe kwa kuanza na vitu vyenye nafasi chache. Kwa sokwe wa milimani wa mbuga ya Bwindi, Uganda, au ya Volcanoes, Rwanda, kila kundi la sokwe huonwa na wageni 8 tu kwa siku, kwa saa moja, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Kwa hiyo vibali vyao hununuliwa miezi kabla, na siku nyingine zote hupangwa kuzizunguka hizo. Kosa lingine la ramani: barabara inayoonekana kuunganisha Maasai Mara na Serengeti haipitiki kwa watalii. Mpaka ule ulifungwa 1977, na anayetaka kutoka mbuga moja kwenda nyingine huzunguka kwa Isebania na Sirari. Mbuga za Kenya na Tanzania hazichukui pesa taslimu langoni. Lipia Kenya kupitia eCitizen, na Tanzania kwa kadi au kwa nambari ya malipo utakayopewa. Fanya hivyo ukiwa bado na mtandao, kwani langoni simu mara nyingi huonyesha baa moja inayokuja na kupotea.

Sasa uzito. Magari ya aina ya Prado na Land Cruiser mengi hubeba kati ya kilo 600 na 800 kwa jumla, watu wakiwemo. Piga hesabu ya watu wanne: watu wenyewe kilo 300, maji lita 60 kilo 60, madebe mawili ya dizeli ya lita 20 kilo 34, hema la juu ya gari 60, friji iliyojaa 40, mtungi wa gesi 13, vifaa na spea 60, chakula 50, mabegi 60. Hiyo ni kilo 677, na bado hujaweka viti, meza wala lile sufuria kubwa la mama. Pitisha gari likiwa limejaa kwenye mizani ya malori, ulinganishe na uzito wa juu uliopigwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Likizidi, usikimbilie kuongeza springi. Toa vitu kwanza. Jozi ya pili ya viatu vya kila mtu, chakula cha makopo kinachouzwa Kampala kama kinavyouzwa hapa, na nusu ya sufuria ndivyo vya kwanza kushuka.

Vizito vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Maji na dizeli juu ya keria hufanya gari liyumbe kwenye kona za Kabale, na keria yenyewe ina kikomo, kwa magari mengi karibu kilo 80 gari likitembea. Barabara ya murram yenye makunyanzi hulegeza nati kimya kimya. Weka nati zenye nailoni ndani kwenye keria, kisha kila jioni pitisha spana kote. Dizeli ya akiba ibebwe kwenye debe la chuma, si mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, unaotoboka kwa kusuguana.

Tairi zisomwe tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyozidi miaka sita usiipeleke Singida hata kama meno yake yamesimama, kwani mpira mkavu hupasuka kwa joto na mzigo. Halafu shusha spea iliyo chini ya gari. Magari mengi ya Nairobi yalikuja kutoka Japani na spea ambayo haijawahi kuguswa: mnyororo umeshika kutu, tairi ni zee kuliko zote nne, na wakati mwingine saizi si moja. Ni afadhali kugundua hayo Barabara ya Kirinyaga, ambako mnyororo na mtu wa kuufunga vyote vipo, kuliko saa kumi na mbili jioni nje ya Nzega. Kwa mzunguko huu beba spea mbili, pampu ya umeme, na vifaa vya kuziba pancha bila kuvua tairi. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Kwa gari lililojaa kwenye lami anza na PSI 36 hadi 40, kwenye murram mbovu shusha hadi 28 uende polepole, na urudishe kabla ya kukimbia tena kwenye lami. Jeki nayo iwe na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuisimamishia, la sivyo itazama kwenye udongo mweusi badala ya kuinua gari.

Vipuri usibebe duka. Filta mbili za dizeli, mkanda wa feni, bomba la juu na la chini la rejeta, breki pedi za mbele, fyuzi, balbu, lita tano za oili na mbili za maji ya rejeta zinatosha. Filta ni mbili kwa sababu ukijaza mafuta machafu mara moja, ya kwanza itaziba na ya pili itaziba kesho yake. Vipuri vya Toyota viko tele soko la Kisekka, Kampala, na pia Kigali na Arusha. Kipande cha kuogopa ni kati ya Rusumo na Singida. Pembetatu mbili za kuakisi na kizima moto ambacho hakijapita tarehe ni lazima, na askari wa Tanzania watauliza vyote viwili. Watakungoja pia kwenye vibao vya 50 vinavyoanza kila kijiji. Mwendo huo hauishi hadi uone kibao cha kuufuta.

Rwanda magari hupita upande wa kulia. Gari la Kenya likiwa upande huo, dereva amekaa kando ya mtaro na haoni lori linalotoka mbele, kwa hiyo abiria wa mbele ndiye macho yake, na asilale. Saa za Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi: usipange kusafiri muda huo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, basi hamisha unga na mchele kwenye mikebe ukiwa jikoni kwako. Droni ibaki nyumbani. Nguo za rangi za jeshi pia, hata kofia. Bluu iliyokoza na nyeusi huvuta mbung'o, nao huuma kupitia shati.

Maji: lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika, ukiacha ya kuoga. Mtungi wa kilo 6, ule wa meko, haubadilishwi ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo utoke umejaa. Kwa kichomeo kinachokula kama gramu 200 kwa saa, ukipika saa mbili kwa siku utafika wiki mbili. Maharage yachemshwe kwenye sufuria ya presha au yanunuliwe yameiva. Friji ya umeme wa gari hula kama ampea-saa 35 kwa siku kwenye joto, na betri ya pili ya ampea-saa 100 ya kawaida hutakiwi kuishusha chini ya nusu. Hiyo ni siku moja na kitu ukiwa umeegesha. Siku ya pili washa gari au ule nyama yote.

Usidanganyike na neno Ikweta. Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, liko karibu mita 2,000 juu ya bahari na kambi ya Simba ukingoni mwa Ngorongoro karibu 2,300, na usiku huko mtu hulala na soksi na kofia. Mifuko mizuri ya kulalia iko Gikomba kwa mitumba, ila kagua zipu yote kabla hujalipa. Kambi za umma za Seronera, ndani ya Serengeti, hazina ua. Chakula, sabuni na viatu viingie ndani ya gari usiku, maana fisi hubeba viatu, na harufu ya matunda huwaita ndovu.

Mtu wa Nairobi si mzoefu wa malaria, hata kama alizaliwa Kisumu. Muone daktari wiki tatu kabla akuchagulie dawa ya kinga, na uimalize baada ya kurudi. Doxycycline, kwa mfano, huendelea wiki nne baada ya kutoka eneo lenye mbu. Akiumwa mtu na mbwa au tumbili, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa itafutwe siku hiyo hiyo.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, pakia kila kitu mlale usiku mmoja Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi. Ni mwendo mfupi, kuna joto na vumbi, na maji unabeba mwenyewe. Simamisheni hema gizani kwa makusudi. Pikeni chakula kamili, tumieni friji usiku kucha, na asubuhi vueni tairi moja na kuirudisha kwa jeki mtakayosafiri nayo. Mkirudi, andikeni kila kilichokosekana na kila ambacho hakikuguswa, kisha gari liende kwa fundi likiwa bado na vumbi, kwa sababu oili au dizeli inayovuja huonekana vizuri zaidi juu ya vumbi kuliko kwenye gari lililooshwa.