Kuanza ufundi wa umeme ukiwa mtu mzima: kipimo kwanza, waya baadaye

Ukianza ufundi huu na miaka thelathini na kitu, una kodi ya nyumba na karo ya watoto, na chuo cha miaka miwili huenda kisiwezekane. Basi tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayodhibiti umeme Uganda, ufanye naye kazi siku mbili tatu kwa wiki huku ukiendelea na riziki yako ya zamani. Omba kukiona kibali chake kwa heshima kabla hujaanza. Nyumba mpya haiunganishwi na UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwaka 2025, bila cheti cha kumaliza kazi chenye sahihi ya fundi mwenye kibali. Fundi asiye na kibali huazima sahihi ya mwenzake, na wewe utajifunza kuazima.

Karatasi zako zifuate mkono wako. Kwa miaka mingi DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ndiyo iliyotahini mafundi kwa vitendo. Tangu sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025, mitihani iko chini ya UVTAB, bodi ya kutahini ufundi. Kibali cha ERA kina madaraja: daraja lako ndilo linaloamua ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kuitilia sahihi, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kila kazi uliyoshiriki, mahali na tarehe.

Wanaoanza wengi hununua drili kwanza. Ni kosa. Nunua mita ya kupimia umeme iliyoandikwa CAT III, yaani daraja la usalama linalofaa umeme wa nyumba, bisibisi na koleo zenye mpini wa kinga ya volti 1,000, tindo, nyundo, pimamaji na springi ya kuvutia waya. Drili utaazima.

Umeme wa nyumbani Uganda ni volti 240, na ile mita ndiyo itakayokurudisha kwako jioni. Kabla ya kugusa waya, zima breka na uzuie mwingine asiiwashe. Jaribu mita mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi ujaribu mita tena pale pa kwanza. Mara hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na mita iliyokufa katikati huonyesha sifuri vilevile.

Nyumba ikishavutwa waya, usiiwashe bado. Pima ethi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kutoka kwenye boksi la breka hadi kila soketi: isomeke chini ya omu 1. Kisha azima mega, kipimo kinachosukuma volti nyingi kukagua kinga ya waya, uchomoe balbu na vifaa vyote, upime kati ya waya wa moto na ethi kwa volti 500. Chini ya megaomu 1, kuna waya uliochubuka au maji ndani ya bomba la waya. Mita ya kawaida haitauona mchubuko huo kwa sababu betri yake haina nguvu ya kuupenya. Mwisho hakikisha kila swichi inakata waya wa moto. Ikikata nyutro, waya unaorudisha umeme, taa itazimika lakini holda itabaki na umeme, na atakayebadilisha balbu atarushwa.

Saizi zisikuchanganye: taa waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 10, soketi 2.5 na breka ya 20. Heta ya bafuni ya wati 5,500, gawanya kwa 240, inavuta karibu ampia 23. Ipe waya wake peke yake wa milimita 6, breka ya 32. Breka ikikatika mara kwa mara, mwenye nyumba atakuomba uweke kubwa zaidi. Kataa. Breka inaulinda waya. Ukiikuza, waya ndio utakaoungua ukutani.

Waya wenyewe nunua wenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, halafu kwangua shaba yake kwa kisu. Ikitokea nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa, irudishe dukani siku hiyohiyo. Na usiunge waya kwa kusokota na kufunga tepu ndani ya bomba: kiungo hulegea, hupata moto, na hutakifikia tena.

Ethi inahitaji fimbo ya shaba ya mita 1.2 kwenye udongo wenye unyevu. Palipo na murramu kavu, piga fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo, uziunganishe. Weka pia breka ya kinga ya miliampia 30, inayokata umeme unapovuja, kwa soketi na bafu.

Bei ya kazi huhesabiwa kwa pointi: kila taa, swichi na soketi ni pointi moja. Nyumba ya chumba na sebule yenye taa 5, swichi 5 na soketi 6 ina pointi 16. Kabla ya kukubaliana, andikeni nani atachonga kuta, nani atazipiga plasta tena, na nani atalipia vifaa.