Kikohozi kimeisha ila mtoto amebadilika, fanya hivi

Kuna bakteria anaitwa maikoplazma, analeta kile kikohozi kikavu kinachovuta wiki na wiki, na anawapata sana watoto wa shule na vijana. Wengi wanapona kabisa. Ila wachache sana, kikohozi kikiwa kinaisha hivi, mtu anaanza kuwa kama sio yeye, na hapo ndo usilale.

Yaani mwili ukipigana na huyu bakteria unatengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, sasa utando wa bakteria huyu una mafuta yanayofanana na yale yanayofunika neva zetu, kwa hiyo kingamwili zinaweza kukosea adui zikashambulia ubongo wenyewe ukavimba. Saa zingine ni bakteria mwenyewe anaingia mpaka huko, ndo maana daktari anahitaji kujua kikohozi kilianza lini. Dalili za ubongo zikija wiki moja au zaidi baada ya kikohozi kuanza, daktari anaanza kufikiria kingamwili.

Kwa hiyo chukua kalenda uandike. Homa ilianza tarehe gani, kikohozi lini, dawa gani na kwa siku ngapi, halafu siku ya kwanza uliyoona mabadiliko. Usiandike tu "amebadilika", andika ulichokiona, mfano ameshika kijiko anakiangalia tu hajui akifanyie nini, au anarudia sentensi moja asubuhi nzima, halali, anaona vitu visivyokuwepo, anayumba akitembea. Mrekodi video kwa simu, maana akifika hospitali anaweza akatulia kabisa wakakwambia ni stress.

Na hii usisubiri kesho: degedege, kuchanganyikiwa, kusinzia mpaka haamki vizuri, upande mmoja kulegea, hiyo ni emajensi. Akipata degedege mlaze ubavu, usimwekee chochote mdomoni, angalia saa, ukiita msaada sema limechukua dakika ngapi.

Ukifika anza na kikohozi hata kama wao wanauliza dalili za ubongo tu! Watu wengi wanakiacha kwa sababu kimeshapona. Omba wafikirie maikoplazma, kipimo cha PCR cha koo, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, na kingamwili za damu. Damu mara moja haitoshi sana maana IgM, aina moja ya kingamwili, inaweza kubaki miezi mingi, ndo maana wanarudia baada ya wiki mbili mpaka nne waone kama kingamwili zimepanda. Kuna MRI, yaani picha ya ubongo, kuna EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na kuna kutoa maji ya mgongo, hayo yanawatisha wazazi wengi ila naomba msiyakatae, kwani ndo yanaonyesha kama kuna uvimbe, na humo humo wanatafuta kingamwili zinazoshambulia ubongo, kama zile zinazoitwa za NMDA. MRI ikiwa safi bado haijamaliza kesi.

Kwenye dawa, amoksilini haimgusi huyu kwa sababu hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo inaubomoa, wanatumia azithromaisini au doksisaiklini. Ila antibayotiki haizimi kingamwili, kwa hilo kuna steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kingamwili za dripu, au kusafisha plazma, ile sehemu ya maji ya damu, na wakishuku kweli wanaweza kuanza kabla majibu yote hayajatoka, waulize kuhusu hilo. Steroidi usiziache ghafla mwenyewe.

Nyumbani endelea na ile kalenda. Usingizi, kumbukumbu na hasira ndo vinachelewa kurudi, miezi saa zingine, mwambie na mwalimu wake asimsukume.