Kulegeza wasiwasi unaotokana na kutaka kila kitu kiwe mkononi mwako

Kijana amepanda basi alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kabla basi halijafika Morogoro, mama ameshapiga simu mara nne, ametazama WhatsApp kama tiki zimegeuka bluu, na ameanza kutafuta namba ya kondakta. Kila simu ikipokelewa moyo unatulia. Dakika kumi hazipiti, unaanza tena.

Kumwambia mtu wa hali hii "acha mawazo" hakumsaidii, na kuna sababu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila wakimfikiria wagonge kengele. Kengele iliendelea kulia. Wazo linalofukuzwa hurudi, kwa hiyo mazoezi yaliyo hapa chini hayagusi mawazo yenyewe. Yanagusa kile unachokifanya wazo likija: kupiga, kuuliza, kukagua.

Ukikagua unapata nafuu ya haraka, na akili inajifunza somo lisilo sahihi: niliuliza, hakuna baya lililotokea, basi kuuliza ndiko kulikozuia baya. Kesho itadai uulize tena, na mapema zaidi. Kinachokutesa hapo ni kutovumilia kutojua, kuliko hatari yenyewe. Uvumilivu huo unafundishika, ila kwa dozi ndogo.

Anza na daftari. Kwa siku tatu weka alama kila unapokagua, bila kujizuia. Andika saa, ulichofanya, na nafuu ilidumu dakika ngapi. Usiishie kwenye simu. Kurudi jikoni kutazama mtungi wa gesi mara ya tatu ni kukagua. Kuosha upya vyombo alivyoosha dada, kuuliza watu watano jambo moja, kusoma dalili za ugonjwa kwenye intaneti usiku wa manane, kukataa kumkabidhi mtu kazi kwa sababu "ataharibu": yote yaingie. Watu wengi hushtuka kwa ile safu ya dakika, maana wanaona nafuu waliyoihangaikia haidumu.

Kisha chukua jambo moja linalokusumbua, uligawe. Kwa safari ile, yaliyo yako ni kuchagua basi, kuhakikisha simu ina chaji, kumsisitizia kijana afunge mkanda, na kukubaliana atapiga akifika wapi. Dereva, barabara na mtandao si vyako. Sehemu yako ifanye mara moja, kwa ukamilifu, halafu iandike kwamba imekwisha. Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume alipomwambia mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mwenye wasiwasi ameshamfunga ngamia, lakini anarudi kulikagua fundo usiku kucha.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo ndilo lenye kazi kubwa. Panga ukaguzi wako wote kwa kipimo cha 0 hadi 10: ungejisikia vibaya kiasi gani usingeufanya? Anza na ulio kwenye 3 au 4. Ukianza na wa 9 utashindwa, na utaondoka ukiamini njia haifai. Usijikataze kabisa, ahirisha. Dakika 10 wiki ya kwanza, kisha 20, kisha 40, hadi siku ambayo haja ya kukagua inapita yenyewe. Kabla ya kuanza, andika utabiri wako waziwazi, na baadaye andika kilichotokea. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Jumanne. Tumekubaliana atapiga akifika Dodoma. Sitapiga mimi kabla ya saa 8 mchana. Natabiri: amepata ajali, uhakika 60 kwa 100, mimi nitapagawa. Wasiwasi saa 4: 6. Saa 4 na robo: 8. Saa 5: 5. Saa 8 hakupiga. Nikapiga, haipatikani: 8. Kilichotokea: simu iliisha chaji, alipiga saa 9 kwa simu ya abiria mwenzake. Sikupagawa. Nilipika."

Tazama namba. Wasiwasi ulipanda kwanza, ndipo ukashuka, na hakuna aliyeushusha. Aliyezoea kukagua hajawahi kuiona sehemu hiyo ya kushuka, kwa kuwa hukatiza kileleni. Utabiri nao huandikwa kwa sababu kumbukumbu hudanganya, bila maandishi, baada ya wiki utajiambia "nilijua tu atafika." Na siku jambo likienda vibaya kweli, andika pia ulilikabili vipi na nani alikusaidia.

Mawazo yanayokuja katikati ya kazi yapewe miadi. Njia hii ilichunguzwa na Thomas Borkovec na wenzake wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1983: unatenga nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, ya kuwaza tu. Wazo likija saa 5 asubuhi, liandike kwa maneno matatu, urudi kwenye shughuli yako. Jioni likalie. Mahali hapo pasiwe kitandani, na muda usisogee karibu na kulala. Mara nyingi utafungua daftari na kukuta nusu ya yaliyoandikwa hayana nguvu tena.

Kupumua polepole kunasaidia mwili: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Fanya asubuhi ukiwa mtulivu. Ukipumua ili kuulazimisha wasiwasi uondoke sasa hivi, umegeuza pumzi kuwa ukaguzi mwingine, na utaanza kujiuliza kila dakika kama umetulia.

Kosa linalojirudia zaidi ni kubadilisha mlango: humpigi kijana, unampigia shangazi aliye Mwanza. Lihesabu. Jingine ni familia kukuhakikishia kila mara kwamba "yuko salama." Wanafanya kwa upendo, lakini wanarudisha lilelile. Zungumza nao mapema, mkubaliane jibu moja: "Hilo liandike, tutaongea jioni." Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguze pia, mapigo ya moyo yanayoletwa navyo hufanana sana na ya hofu.

Haya yote hayamhusu anayeishi na mtu anayempiga, au anayedaiwa na watu wanaomtishia. Hiyo ni hatari, na inahitaji mpango na watu wa kusaidia, si uvumilivu.

Wasiwasi ukidumu siku nyingi kuliko siku za utulivu kwa miezi 6, au ukikunyima usingizi na kazi, nenda hospitali. Mwambie daktari kama unapungua uzito, unatetemeka au moyo unakwenda mbio, ili apime tezi ya shingo, maana ikizidisha kazi huleta dalili hizohizo. Tanzania, Muhimbili na Mirembe ya Dodoma zina madaktari wa afya ya akili. Nairobi kuna hospitali ya Mathari. Ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu akupeleke leo, na uende na lile daftari.