Somo: Kuzuia nyufa kwenye bati la usukani, elevata na eleroni za ndege ya kujiundia

Wengi wetu hufunika sehemu hizi zinazoielekeza ndege (usukani wa mkiani wa kugeuza kushoto na kulia, elevata ya mkiani ya kupandisha na kushusha pua, na eleroni za mabawa za kuilaza ndege upande) kwa bati la aloi ya alumini iitwayo 2024-T3 lenye unene wa milimita 0.4 hivi. Bati jepesi namna hiyo hutetemeka kila linapopigwa na upepo wa rafadha (propela), na metali inayotetemeka kwa muda mrefu huchoka, hata ufa ukaanza pale mkazo unapokusanyika: mara nyingi kwenye ribiti (pini ya kuunganishia mabati) ya mwisho ya kikazio, yaani ukanda unaopigwa ndani ya bati ili kulikaza, karibu na ukingo wa nyuma.

Kwanza, andaa bati. Kingo zote zipigwe tupa kisha msasa mpaka kidole kipite bila kukwama, na kila tundu liondolewe makali pande zote mbili. Usichore mstari kwa msumari, kwani mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Wala kwa penseli, kwani grafiti huchochea kutu kwenye alumini.

Pili, piga ribiti za vikazio, kisha kunja ukingo wa nyuma polepole kwa mviringo ulioonyeshwa kwenye mchoro wa ndege. Ukiubana kupita kiasi, umeshaupasua kabla haujaruka.

Tatu, na hapa nasisitiza: kabla ya kulifunga bati kwenye boriti (mhimili wa ndani wa sehemu hiyo), weka tone la silikoni pale ncha za vikazio vya juu na vya chini zinapokutana, ili pande mbili za bati zishikane. Elevata yangu ya kwanza niliifunga bila tone hilo, nikaja kuona ufa mwembamba kama unywele ukitokea chini ya kichwa cha ribiti. Silikoni inayonuka siki iepukwe, kwa kuwa asidi yake hula alumini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ufa uliokwisha kutokea nitobolee tundu mwishoni?*

Ndiyo, ndugu yangu, tundu la milimita 3 hivi hupunguza mkazo, lakini ncha halisi ya ufa hujificha mbele ya ile unayoiona, kwa hiyo itafute kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha. Ukibandika kiraka, pima upya mizani ya elevata, maana uzito ulioongezeka nyuma ya bawaba unaweza kuleta mpapatiko, yaani mtetemo unaozidi kukua wenyewe, unaovunja mkia.

*Je, nikitumia bati la milimita 0.5?*

Litastahimili zaidi, ila uzito wake pia huangukia nyuma ya bawaba. Pata kwanza idhini ya mbunifu wa ndege, kisha uongeze uzito wa madini ya risasi upande wa mbele ili kusawazisha mizani.